Eiji Tsuburaya: fundi wa madubwana aliyempa stelingi dakika tatu

Watoto wa Mwembesongo wakikusanyika jioni kucheza, ugomvi wa kwanza ni nani awe nani. Huyu anataka kuwa mwekundu, yule bluu, na mdogo kuliko wote anasukumiwa kuwa dubwana. Hawajui Kijapani, na wengine hata televisheni nyumbani hawana. Lakini Power Rangers wanaijua kwa simu za kaka zao, kwa memori kadi, na kwa wakubwa wao waliowahi kukaa kwenye benchi la banda la video.

Mchezo huo una babu yake. Kabla ya mashujaa wa rangi tano alikuwepo shujaa mmoja wa rangi ya fedha na nyekundu aliyeitwa Ultraman, na nyuma yake alikuwepo mzee mmoja wa Kijapani mwenye miwani, kofia na sigara, aliyependa kuinamia vijumba vya plasta kwa saa nyingi. Jina lake Eiji Tsuburaya. Huko Japani anajulikana kama sisi tunavyowajua wanamuziki wetu wa zamani: amekufa zaidi ya miaka 50 iliyopita, lakini kazi yake bado inachezwa.

Makala haya, msikilizaji wetu, yanaeleza maisha yake. Ameishi maisha ya ufundi na madeni, na katikati yake kuna vita.

Mtoto wa kiwanda cha chachu

Tsuburaya alizaliwa Julai 1901 katika mji mdogo wa Sukagawa, mkoa wa Fukushima, kaskazini mwa Tokyo. Ilikuwa nchi ya mashamba, na ukoo wake ulitengeneza chachu ya mchele, ile inayotumika kupikia pombe na viungo vya chakula. Jina la utotoni lilikuwa Eiichi.

Alikuwa na umri wa miaka mitatu tu mama yake alipofariki, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa pili. Baba yake aliondoka, na mtoto akabaki mikononi mwa bibi yake, Natsu. Kulikuwa pia na mjomba kijana aliyemzidi miaka mitano tu, Ichiro, ambaye akawa kama kaka yake. Wengi wetu tumelelewa hivyo na bibi, kwa hiyo hakuna haja ya kueleza sana. Mtoto wa aina hiyo huwa na muda mwingi wa kukaa peke yake na kubuni.

Mwaka 1910 ndege ziliruka Japani kwa mara ya kwanza. Habari ile ilimshika mtoto wa miaka tisa, akaanza kuunda ndege za mbao. Watoto wa Uluguru wanaotengeneza magari ya mabua na kuyawekea matairi ya ndala wangemwelewa mara moja. Tofauti ni kwamba yeye hakuacha. Aliunda ndege nyingine na nyingine, kila moja ikifanana zaidi na ile ya kweli.

Karibu na wakati huohuo aliona sinema kwa mara ya kwanza. Ilionyesha mlima wa volkano ukilipuka. Wengine walitazama mlima, yeye akavutiwa zaidi na mashine iliyokuwa nyuma ikitupa picha ukutani.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwenye kuruka. Mwaka 1916 alijiunga na chuo cha urubani huko Haneda, Tokyo. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu wa chuo, Seitaro Tamai, akafa katika ajali ya ndege, na chuo kikafungwa. Ndoto ya kijana wa miaka 15 ikaishia hapo. Akaenda kusoma ufundi wa umeme, na ili apate fedha akafanya kazi katika kampuni ya vitu vya kuchezea watoto, akibuni vipya.

Ndege, umeme na vitu vya kuchezea. Shika hayo matatu, kwa sababu kazi yake yote ya baadaye imetoka humo.

Kamera na moshi

Mwaka 1919 alikutana na mwongozaji wa filamu Yoshiro Edamasa, ambaye alimwingiza katika kazi ya sinema. Alianza kama msaidizi wa mpiga picha. Baadaye akaitwa jeshini, akatumikia, kisha akarudi kwenye kamera.

Kufikia miaka ya 1920 alikuwa katika studio za Kyoto, na mwaka 1927 alipewa kazi ya mpiga picha mkuu katika filamu ya mwigizaji aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa Japani, Kazuo Hasegawa. Hakuwa mpiga picha wa kukaa kimya. Aliweka moshi mwingi mbele ya kamera ili picha iwe na kina, hadi wenzake wakampachika jina la utani la moshi. Alijiundia mtambo wa kuinua kamera juu na kuishusha wakati inapiga picha. Wakubwa wa studio hawakupenda sana. Waliona anapoteza muda na fedha.

Mwaka 1930 alimwoa Masano Araki. Walijaliwa watoto wa kiume watatu waliokua hadi utu uzima: Hajime, Noboru na Akira. Kumbuka jina la Hajime, tutarudi kwake.

Kisha, mwaka 1933, ikaja filamu ya Kimarekani iitwayo King Kong, ya sokwe mkubwa anayepanda jengo refu la New York. Tsuburaya aliitazama, kisha akatafuta mkanda wake na kuukagua picha moja baada ya nyingine, kama fundi saa anayefungua saa ya mwenzake aone inavyokwenda. Aligundua kwamba sokwe yule alikuwa mwanasesere mdogo aliyesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha kila aliposogezwa. Tangu siku hiyo alijua anachotaka kufanya, ila hakupata nafasi kwa miaka 21.

Ufundi unapotumwa vitani

Mwaka 1937 alihamia kampuni ya Toho, Tokyo, akapewa kitengo cha mazingaombwe ya kamera. Hapo ndipo vita vilipomkuta.

Japani ilikuwa ikipigana China, na Desemba 1941 ikashambulia meli za Marekani katika bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Jeshi la majini la Japani likataka filamu ya kusifu ushindi huo. Kazi ikamfikia Tsuburaya. Alijenga bandari nzima kwa kipimo kidogo, akatengeneza meli na ndege za kuchezea, akavilipua vyote mbele ya kamera. Filamu hiyo iliyoongozwa na Kajiro Yamamoto ilitoka Desemba 1942, na Wajapani wengi sana wakaenda kuitazama. Ilionekana kama vita vya kweli.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu vita hivyo vilifika na kwetu. Mwaka 1944 vijana wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Tanganyika, walikuwa Burma wakipigana na Wajapani katika mvua na matope ya bonde la Kabaw. Walikuwa askari wa KAR, wale ambao wazee wetu wakiwaita keya. Kijana wa Kijapani aliyekuwa upande wa pili wa mto huenda alikuwa ameitazama filamu ya Tsuburaya kabla ya kuvaa sare. Kazi ya filamu zile ilikuwa hiyo: kumfanya kijana aone vita ni kitu kizuri.

Ufundi wenyewe hauna dini. Mikono iliyounda ndege za mbao kwa mapenzi ya kuruka ndiyo iliyounda ndege za kusifia mabomu. Tsuburaya hakuwa mwanasiasa, lakini alifanya kazi aliyopewa na aliifanya vizuri mno.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Japani ikatawaliwa na majeshi ya Marekani. Waliotumikia propaganda ya vita waliondolewa kwenye nafasi zao, na mwaka 1948 ikafika zamu yake. Alipoteza kazi Toho akiwa na miaka 46, ana mke na watoto. Akafungua karakana ndogo nyumbani kwake Soshigaya, pembezoni mwa Tokyo, akiishi kwa vibarua vya picha. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1952, ndipo akarudi.

Dubwana atoka baharini

Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la nyuklia kwa majaribio katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Majivu ya sumu yakaiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani, na watu waliokuwemo wakaugua. Mmoja wao alifariki mwaka huohuo. Kwa Japani ilikuwa ni kutonesha kidonda, maana miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilichimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, nchi ya Kongo, mahali ambapo watu husemezana kwa Kiswahili.

Mtayarishaji Tomoyuki Tanaka wa Toho akapata wazo: dubwana wa zamani aliyelala chini ya bahari anaamshwa na mabomu ya nyuklia na kuja kuiteketeza Tokyo. Mwongozaji alikuwa Ishiro Honda, muziki ukatungwa na Akira Ifukube, na kazi ya kumfanya dubwana aonekane yuko hai akapewa Tsuburaya. Dubwana huyo ni Godzilla.

Alitaka kutumia njia ya King Kong, ya kusogeza mwanasesere kidogo kidogo, lakini ingechukua muda mrefu kupita kiasi. Akachagua njia nyingine: kumvalisha mtu vazi la dubwana. Vazi la kwanza lilitengenezwa kwa waya, mianzi, nguo na mpira, na lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100. Aliyelivaa ni kijana Haruo Nakajima. Alikwenda bustani ya wanyama kutazama tembo na dubu wanavyokanyaga, kama mtu anayekaa kando ya barabara ya Mikumi akisubiri tembo wavuke, kisha akarudi kuigiza. Ndani ya vazi kulikuwa na joto la tanuri, na jasho lake lilimwagwa kama maji.

Mji wa Tokyo ulijengwa kwa kipimo cha moja kwa 25. Jengo la mita 25 lilisimama mita moja. Lakini kitu kidogo hakiwi kikubwa kwa kukipiga picha tu. Jiwe likidondoka kutoka mezani linafika chini mara moja, ila mti mkubwa ukikatwa msituni unaonekana kushuka polepole. Macho yetu hupima ukubwa kwa muda wa kuanguka. Kwa hiyo Tsuburaya aliizungusha kamera kwa kasi kuliko kawaida. Picha zile zilipoonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, ukuta wa plasta ulianguka taratibu, na mguu wa Nakajima ukatua kwa uzito wa mlima.

Sisi watu wa redio tunapenda zaidi habari ya sauti. Mlio wa Godzilla haukutoka kwa mnyama yeyote. Ifukube alichukua zeze kubwa la kizungu la besi, akalegeza nyuzi zake, na zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo. Sauti ile ikarekodiwa na kuchezwa taratibu. Mpaka leo ukiisikia gizani nywele zinasimama.

Filamu ilitoka Novemba 3, 1954, na zaidi ya watu milioni 9 waliinunulia tiketi. Humo Tokyo inaungua, hospitali zinajaa, mama amewakumbatia watoto wake wakati moto unakaribia. Mtu aliyewahi kuufanya ulipuaji uonekane sherehe, sasa aliwaonyesha watu jinsi ulivyo kwa aliye chini yake.

Mashine aliyoiagiza bila fedha

Mwaka 1963 Tsuburaya alianzisha kampuni yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 61, umri ambao kwetu mtu anahesabu pensheni. Wakati huo televisheni zilikuwa zimeingia katika nyumba za Wajapani, na yeye alitaka kuwafikia watoto sebuleni.

Kwanza akaagiza kutoka Marekani mashine ya kampuni ya Oxberry. Kazi yake ni kuunganisha picha zilizopigwa mbalimbali ziwe picha moja: mtu anayekimbia, dubwana, na mwali wa moto uliochorwa kwa mkono, vyote kwenye mkanda mmoja. Ilikuwa ghali mno, na Tsuburaya aliiagiza kabla hajawa na fedha za kuilipia. Mpango aliokuwa akiutegemea ukavunjika. Mashine inakuja, na mnunuzi hana kitu.

Aliyemwokoa ni mwanawe. Hajime alikuwa akifanya kazi katika kituo cha televisheni cha TBS, na kituo hicho kikakubali kuinunua mashine ile. Ili mashine ifanye kazi ikabidi ipatikane tamthilia ya kutumia mazingaombwe hayo. Ndivyo ilivyozaliwa Ultra Q, iliyoanza Januari 2, 1966, ikiwa na madubwana mapya karibu kila wiki, katika picha za nyeusi na nyeupe. Watoto wa Japani wakakaa mbele ya televisheni, na TBS ikataka nyingine, sasa ya rangi, na yenye shujaa.

Dakika tatu za Ultraman

Ultraman ilianza kurushwa Julai 17, 1966. Mwandishi wake mkuu alikuwa kijana Tetsuo Kinjo, aliyetoka Okinawa, kisiwa cha kusini kilichoteketezwa mwaka 1945. Kinjo alinusurika vita vile akiwa mtoto, na mama yake alipoteza mguu. Sura ya shujaa ilichorwa na msanii Tohl Narita, na aliyevaa vazi alikuwa Bin Furuya, kijana mrefu mwembamba.

Kisa chenyewe ni hiki. Ultraman ni kiumbe kutoka sayari ya mbali, Nchi ya Nuru. Anakuja duniani akimfukuza dubwana, na kwa bahati mbaya anagongana na chombo cha rubani Hayata, ambaye anakufa. Ultraman anaona hana budi kulipa. Anampa Hayata uhai wake, na wawili hao wanakuwa mwili mmoja. Dubwana akitokea, Hayata anainua kifaa kidogo mkononi, anageuka kuwa jitu.

Lakini hawezi kukaa. Nguvu za jua anazozitegemea huisha upesi hapa duniani. Taa iliyo kifuani mwake ni ya bluu, nguvu zikipungua inageuka nyekundu na kuanza kuwaka na kuzima huku ikilia. Dakika tatu, basi. Zikiisha, na yeye amekwisha.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna sheria yetu: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni, kufungwa kamba, lakini utamkuta mwisho wa filamu yuko hai. Uzuri wa Ultraman ni kwamba stelingi wake anaweza kuchoka. Kila mtoto aliyeitazama taa ile nyekundu alikuwa akihesabu muda pamoja naye.

Na madubwana nao hawakuwa wa kuchukiwa tu. Kuna sehemu moja ya dubwana aitwaye Jamila. Ndiyo, Jamila, jina ambalo tumewapa dada zetu. Zamani alikuwa mwanadamu, mwanaanga aliyepotelea kwenye sayari isiyo na maji, na nchi iliyomtuma ikamtelekeza na kuficha habari zake. Kiu na jua la kule vikambadilisha mwili. Anarudi duniani kulipiza kisasi, na Ultraman anamuua kwa maji, kile kitu alichokililia miaka yote. Anakufa akijikokota kwenye tope, akilia kama mtoto. Kijana mmoja wa kikosi, Ide, anabaki akijiuliza kama kweli wameshinda.

Katika sehemu nyingine kikosi hichohicho kinafanya ibada ya kuwakumbuka madubwana wote waliouawa. Huo ni utu ambao sijauona kwenye filamu nyingi za mapigano. Tsuburaya mwenyewe hakutaka damu. Alijua wanaotazama ni watoto wanaokula chakula cha jioni, akakataza madubwana wasichanwechanwe na damu isitapakae. Mtu aliyejua kufanya kifo kionekane cha kweli kuliko fundi mwingine yeyote nchini mwake aliamua kutokionyesha.

Tamthilia ilipendwa mno, lakini kila sehemu ilikula fedha kuliko kituo kilivyolipa. Vijumba vilijengwa siku nyingi na kuvunjwa kwa dakika moja. Mafundi walikesha, na kazi ikawa haimaliziki kwa wakati. Ikabidi isimamishwe ikiwa na sehemu 39, wakati bado watu wanaitaka.

Sehemu ya mwisho ilirushwa Aprili 9, 1967. Anatokea dubwana mweusi aitwaye Zetton, na kila silaha ya Ultraman inagonga mwamba. Taa inakuwa nyekundu. Zetton anaipiga taa yenyewe, na Ultraman anaanguka, hasimami tena. Fikiria watoto wa nchi nzima jioni ile. Anayemmaliza Zetton si jitu lingine kutoka angani. Ni wanadamu wa kikosi, watu wa kawaida wenye kofia za chuma, kwa silaha ndogo waliyoiunda wenyewe. Ndugu wa Ultraman anakuja baadaye akiwa na uhai mpya, Hayata anaamka bila kukumbuka kitu, na shujaa anarudi kwao.

Kwangu mimi hapo ndipo thamani ya kazi ya mzee huyu ilipo. Stelingi alikuja, akasaidia, akafika mwisho wa uwezo wake. Kazi ikamaliziwa na wenye nchi.

Osaka, 1970

Tsuburaya hakupumzika. Baada ya Ultraman ilifuata Ultraseven, mwaka 1967 hadi 1968, na huku bado alikuwa akizifanyia Toho filamu. Alikuwa na kisukari na ugonjwa wa moyo. Madaktari walimtaka apunguze kazi, hakupunguza.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70, yaliyopangwa kufanyika Osaka. Katika banda la Mitsubishi alisimamia picha za kuwazungushia watazamaji pande zote: tufani, volkano, bahari iliyochafuka. Ule mlima uliolipuka mbele ya macho ya mtoto wa Sukagawa ulikuwa umerudi, safari hii yeye ndiye aliyeshika mashine.

Hakuyaona maonyesho hayo. Alifariki usingizini Januari 25, 1970, katika nyumba yake ya mapumziko huko Ito, kando ya bahari, mke wake akiwa naye. Alikuwa na miaka 68. Yeye na Masano walikuwa Wakatoliki, na amezikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Fuchu, Tokyo.

Maonyesho yalifunguliwa Machi 15, na hapa Morogoro inaingia. Miongoni mwa walioiwakilisha Tanzania huko Osaka mwaka ule walikuwa Morogoro Jazz, wakiwa na Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake. Mwaka mmoja, uwanja mmoja: muziki wa mji kasoro bahari na picha za mwisho za fundi wa Ultraman. Hawakukutana, maana mmoja alikuwa ameshatangulia. Lakini wazee wetu wakikwambia Morogoro ilifika Japani, usidhani wanatia chumvi.

Waliobaki

Hajime alichukua kampuni ya baba yake, na mwaka 1971 Ultraman akarudi kwenye televisheni. Hajime naye akafariki mwaka 1973, akiwa bado kijana, na mdogo wake Noboru akaendelea. Tangu hapo wametokea akina Ultraman wengi, na bado wanatengenezwa.

Wengine wakafuata njia hiyo. Mwaka 1971 kampuni ya Toei ilitoa Kamen Rider, shujaa mwenye uso wa panzi na pikipiki, aliyebuniwa na mchoraji Shotaro Ishinomori. Mwaka 1975 Ishinomori huyohuyo akabuni kikosi cha watu watano wa rangi tano. Wamarekani wakachukua mapigano ya tamthilia moja ya ukoo huo, wakayaunganisha na waigizaji wao, na mwaka 1993 ikatoka Power Rangers. Hiyo si kazi ya Tsuburaya, lakini jitu kupigana na dubwana katikati ya maghorofa kila wiki kwenye televisheni, njia hiyo aliipasua yeye.

Sukagawa haijamsahau. Machi 11, 2011, tetemeko kubwa la ardhi lilipoipiga Japani, bwawa la Fujinuma lililo katika mji huo lilipasuka na maji yakaua watu. Hakutokea jitu la kuwaokoa. Waliofukua tope na kujenga upya walikuwa wenyeji. Katika ujenzi huo mji ukainua jengo la maktaba ya watu wote, na ndani yake, Januari 2019, ikafunguliwa makumbusho ya Eiji Tsuburaya. Mitaani zimesimama sanamu za Ultraman na madubwana wake.

Kwa hiyo, mzazi au mlezi unayetusikiliza, iwe uko Mwembesongo, Matombo au Mgeta, mtoto akikusanya udongo, waya na maboksi akajenga mji ili aubomoe, usikimbilie kumfokea kwamba anachafua uwanja. Muulize dubwana wake anaitwa nani. Kisha muulize na swali gumu zaidi: stelingi akiishiwa nguvu, watu wa mji huo watafanya nini?